Uti wa Mgongo wa Mwanzi

Watu hawakumliza Tokuko, lakini kijiko kilichosahauliwa kwenye treni kiliweza. Bibi yake alimlea kwa imani ya wazee: chombo kikitumika miaka mia huota roho, na kikitupwa huweka kinyongo. Basi vitu vilivyopotea vikikaa polisi miezi mitatu bila mwenyewe kutokea, yeye huvinunua, akavipeleka bandani kwake katika mji wa Sakata, Japani, na kuvigeuza vinyago. Macho huyaweka mwisho kabisa, ili kinyago kione kwamba kimepata kwao.

Asubuhi hiyo aliingia Mama Mineyo, mshonaji wa mavazi ya kimono, mwenye miaka themanini na sita. Alisimama mbele ya kinyago chenye kichwa cha birika na mgongo wa rula ya mwanzi.

"Hii rula yangu," alisema. "Tazama, hapo paliungua pasi ya mkaa iliponiponyoka. Niliisahau kwenye treni nikikimbilia hospitali."

"Miezi minne yote hiyo, mama, ulikuwa wapi?"

"Hospitalini, kando ya kitanda cha mume wangu. Daktari anasema hamalizi wiki. Nataka nimshonee vazi lake jeupe la safari ya mwisho."

"Si umpime palepale?"

"Nimpime nini, mwanangu? Imebaki mifupa. Nataka aende akiwa Shigezo yule aliyenioa. Mabega, mikono, vyote nilivitia alama kwa wembe kwenye rula hiyo, mwaka tuliooana."

"Na nguo zake za zamani?"

"Ziliungua na nyumba. Rula ilipona kwa sababu nilikuwa nayo kazini."

Tokuko alikitazama kinyago usoni. Kinyago kilichokwisha kupewa macho hakivunjwi. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wanafunzi wake hivyo. Alikiinamia, akakiomba radhi, akachukua msumeno. Alikata polepole mno, maana tangu aliposikia neno wembe alijua atakachokikuta, na hakuwa na ujasiri wa kukisema.

Rula ilitoka iking'aa. Mama Mineyo aliipitishia kidole gumba upande mmoja, akaigeuza, akapitisha tena.

"Alama ziko wapi?"

"Nilidhani ni mikwaruzo, mama. Nikaipiga msasa. Nilitaka ipendeze."

Maji yakimwagika hayazoleki. Tokuko alingoja matusi, akayatamani hasa, lakini bibi huyo hakutukana. Aliisimamisha rula begani kwake, akafumba macho kama anayemwona mtu amesimama karibu naye.

"Begani alinizidi mpaka hapa," alisema, kidole kikipanda juu ya mwanzi. Kisha kikashuka. "La. Hapa." Kikapanda tena. "Tokuko, hebu nisaidie."

Tokuko, ambaye hakuwahi kumwona Shigezo akiwa amesimama, alishika penseli akingoja aonyeshwe pa kuchora. Kidole hakikutulia.