Mstari Ulio Juu ya Jina la Mama

Alichokiomba Nora kwa binti yake kilikuwa kidogo: jina la kaka yake. Alikuwa na miaka tisini na mmoja, amelala katika nyumba ya wazee pale Oldham, Uingereza, na daktari alikwisha kuacha kuzungumzia mwakani. Alikumbuka mabega ya mvulana aliyembeba kupita kwenye theluji, na kola iliyolowa. Jina hakulikumbuka kwa sababu hakupata kulisikia. Nyumbani kwao, kama nyumba zote za mtaa ule, mtoto wa kiume alikuwa "kijana wetu" tangu asubuhi mpaka kulala. Kisha vita vikaja. Mama yao akafa, baba akaenda jeshini asirudi, Nora akachukuliwa na shangazi, kijana wetu akapelekwa kwingine. Shangazi akiulizwa, alisema, "Kula chakula chako."

Basi binti huyo, Glenys, akaenda maktaba, wanakokutana kila Alhamisi watu wanaotafuta koo zao. Aliyewaongoza ni Clifford Ogden, dereva mstaafu wa basi.

"Karibu, kipenzi. Umekuja kutafuta wafu au kumaliza biskuti zetu?"

"Namtafuta mmoja tu."

"Wote huanza hivyo. Mimi nilianza na babu. Sasa nina watu wa karne tatu, na mke wangu hanijui."

Akamweleza taratibu. Huduma zinazoweka sensa mtandaoni huonyesha picha zilezile za karatasi za zamani. Tofauti ni nani alinakili majina vizuri na nani alikuwa na haraka. Katika sensa ya 1921 kijana wetu hakuwa amezaliwa. Ya 1931 iliungua yote. "Hiyo usimlipe mtu. Ni majivu." Ilibaki orodha ya 1939, serikali ilipoandika kila nyumba ili kutoa vitambulisho vya vita.

Glenys akajiunga na huduma moja, kisha ya pili, akazifungua pamoja. Nyumba ilikuwepo kwenye zote mbili: baba, mama, halafu mistari miwili iliyofunikwa kwa rangi nyeusi. Asiyetimiza miaka mia tangu azaliwe hufichwa, mpaka ithibitishwe kuwa amekufa. Wa chini alikuwa Nora. Wa juu, kwa kuwa mkubwa huandikwa kwanza, alikuwa yeye.

"Nifanyeje wamfunue?" akamuuliza Clifford.

"Peleka cheti chake cha kifo."

"Cheti nitakiombaje bila jina?"

Clifford alikuwa anachovya biskuti. Ikakatika, ikazama kwenye chai, naye asiitoe. "Ndiyo hivyo, kipenzi. Au usubiri miaka mia yake itimie."

"Mama hana hata miezi."

Akajaribu orodha za waliozaliwa, zinazotaja pia ukoo wa mama. Lakini baba alikuwa Taylor, na mama alizaliwa Smith, na mji ule ulikuwa na kina Taylor wa kina Smith kama ulivyokuwa na mabomba ya moshi. Akanakili wavulana wote wa miaka ile, akaenda kumsomea mama yake.

"Arthur?"

"Ndiye."

"Wilfred?"

"Huyohuyo."

"Mama, unakubali tu."

"Sasa nikatae nini? Yeyote kati yao angenibeba. Endelea."

Aliendelea hadi mwisho, sauti ikipungua. Akafikiri: nikisema ni Wilfred, atalala. Akafungua mdomo, na Nora, macho yamefumbwa, akasema, "Usinichagulie. Nifike huko nimwite Wilfred, kumbe ni Stanley. Atanicheka mpaka basi."

Nora akafa Februari, mvua ikinyesha. Baada ya mazishi Glenys alifanya lililobaki kufanywa, kwa mpangilio kama kawaida yake: alipeleka nakala za cheti cha kifo cha mama kwenye huduma zote mbili. Ya kwanza ikajibu upesi. Mstari wa chini ukafunguka: Nora Taylor, yuko shule. Wa juu ulikuwa mweusi vilevile.

Kwenye ile ya pili hakuna kilichobadilika. Glenys akawa anaifungua kila asubuhi kabla ya chai, anaitazama mistari miwili pamoja, kisha anaifunga.

Alhamisi moja Clifford akauliza, "Wageni wananiuliza walipie ipi. Wewe unabaki na ipi?"

"Ile ya polepole."

"Ile mbovu? Watu wanaikimbia."

"Kule mama bado hajafa."

Clifford akasogeza sahani ya biskuti mbele ya Glenys. Akasema, "Miaka michache tu, huyo kijana atafunguliwa."

"Na akifunguliwa, nitamwambia nani?"

 Alasiri hiyo, Glenys akiwa jikoni kwake na koti bado mwilini, ujumbe ukaingia kutoka huduma ya pili. Ombi lake limetekelezwa. Wanashukuru kwa uvumilivu wake.

Hakuufungua ukurasa. Alijua alivyobaki kijana wetu chini ya rangi nyeusi, peke yake.