Mawaridi Kwenye Kila Mlango

Mama Godelieve alikuwa akiukata mwaridi wetu kwa kisu cha jikoni, tawi baada ya tawi, nami dirishani nikajua moyoni kwamba na yeye ametugeuka.

Ilikuwa Musonoi, mtaa wa wachimbaji huko Kolwezi, Katanga, mwaka wa 1993, tulipoambiwa sisi Wakasai turudi kwetu. Kwetu wapi? Babu aliletwa Kolwezi kutoka Kasai kuchimba shaba; baba, Ngeleka, alizaliwa hapa, na mimi Mbelu vilevile. Wengi wetu walikuwa tayari wanalala nje pale stesheni wakingoja treni isiyokuja, na tulisikia habari za watoto waliozikwa kando ya reli. Baba alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Lakini mama alishikwa na uchungu tangu alfajiri, na vijana wa kututoa walikuwa njiani. Tulichomwomba Mungu kilikuwa kidogo tu: mtoto azaliwe kwanza, chini ya bati.

Mwaridi ule ndio uliotuchongea. Zamani mawaridi yalikuwa maua ya Wazungu, huko kwenye nyumba zao zenye uzio, ambako wafanyakazi waliingilia mlango wa nyuma. Mama yangu, Ntumba, alipewa kijiti na mtawa mkunga siku niliyozaliwa. Akakipanda kwenye kopo, halafu mlangoni. Alipenda kutuambia kwamba rozari maana yake ni taji la mawaridi, kila Salamu Maria ua moja, na kwamba hakuna maskini asiyeweza kumpa Bikira bustani. Sanamu ya Mama Maria ilipotembezwa mtaani, maua yalitoka kwetu. Basi vijana wale, ambao hawakuwa wa mtaa wetu, walielekezwa kwa urahisi: nyumba yenye maroza, kama tulivyoyaita mawaridi.

Mama Godelieve aliyasikia hayo sokoni. Alikuwa jirani yetu, Mluba wa kaskazini mwa Katanga, ambaye hakufukuzwa, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita kuku wa mtaa wa tatu. Hakuja kutupa pole wala kulia nasi. Aliukata mwaridi mpaka ukabaki kisiki, akajaza beseni, akaenda mlango kwa mlango.

"Mupambe milango! Leo Mama Maria anapita mu avenue!"

Hakuna aliyeuliza padri amesema nini. Wanawake walichomeka maua kwenye vitasa, kwenye nyufa za mbao, kwenye matofali. Sanamu aliibeba yeye mwenyewe kifuani, akaanzisha wimbo.

Vijana wakatokea na marungu yao, wakasimama. Kila nyumba ilikuwa nyumba yenye maroza.

"Nyumba ya Bakasai iko wapi?" kiongozi wao aliuliza.

Aliyeulizwa alikuwa Tata Banza, msaidizi wa baba kazini. Mtaa mzima ulijua kwamba siku tukiondoka, cheo cha baba ni chake. Ndani, mama aliuma kitenge asipige kelele.

Tata Banza alilitazama ua la mlangoni pake kana kwamba limemtukana.

"Na mi niko na maroza," akasema. "Utanifukuza na mi?"

Mama Godelieve hakumpa kijana nafasi ya kujibu. "Vua kofia, mutoto. Hauone Mama Maria?"

Akavua. Wote walikuwa wamebatizwa, jamani! Msafara ukawapita katikati, wakasogea pembeni, kisha wakaenda zao wakinung'unika.

Tulikuja kuondoka, bila shaka. Waridi haliwezi kuzuia jambo waliloamua wakubwa. Na Tata Banza akakipata cheo. Hata hivyo simnyimi shukrani zangu kwa sababu hiyo, wala sitamnyima. Watu wanapotaka niwasimulie Kolwezi kwa uchungu, uchungu ninao, lakini huanza na mchana ule.

Maana jioni mtoto alizaliwa, chini ya bati, kitandani mwa mama. Mama Godelieve alipiga magoti ampokee, akanyoosha mikono, akasita. Miiba ilikuwa imeichana mpaka kwenye viwiko.

"Mbelu, nawa, umupokee weye," akaniambia. "Yangu inatoka damu."

Nikanawa, nikampokea. Analia, ana joto, anateleza. Na mama, kabla hajauliza kama ni msichana au mvulana, aliomba aonyeshwe ile mikono.