Melania wa Sauti Nzito

Kaneza alipoisikia ile santuri kwa mara ya kwanza, aliniuliza kama nina uhakika mama yake alikuwa mwanamke.

Ni swali gumu kumjibu mtu unayesoma naye darasa moja. Nikamwambia kwamba mama wengi huwa hivyo. Hakucheka. Aliinama tena juu ya gramafoni ya mjomba Pastory, akaisoma karatasi ya katikati ya santuri: Les Mandarines, Bujumbura. Mwimbaji, Melania.

"Mandarines ni machenza," akasema. Kifaransa alikipata shule ya kambi ya wakimbizi, kabla hawajahamia Gungu. "Bendi ni yenyewe. Jina ni lenyewe. Sasa huyu mwanamume ni nani?"

Maana kwenye gramafoni lilikuwa linaimba jitu lenye kifua kama pipa, taratibu, kana kwamba limebebeshwa gunia la mihogo kutoka Mwandiga.

Wenzangu wa kidato cha nne walikusanya namba za simu za wasichana. Mimi nilikusanya santuri, ndiyo maana wasichana waliokuja kwetu walikuwa wanatafuta mama zao. Hii niliipata Ujiji, kwa mzee Leodgar, alipofunga baa yake na kunipa boksi zima ili nimpunguzie vumbi. Ilikuwa ndogo kama sahani ya chai, na tundu lake la katikati lilikuwa kubwa mno kwa gramafoni yetu. Nililiziba kwa kipande cha kandambili, nikajiona fundi.

Melania alifariki njiani wakati wa kukimbia vita, Kaneza akiwa mgongoni. Haikubaki hata picha. Sasa kambi zilikuwa zinafungwa, watu wanarudishwa Burundi, na Jumamosi ilikuwa zamu ya Kaneza na mama yake mdogo, Spesiosa, aliyemlea. Alitaka kuondoka akiwa ameisikia sauti ya Melania walau mara moja. Mimi nikamwekea jitu.

"Anaimba nini?" nikamuuliza.

Akasikiliza. "Anasema amecheza mpaka viatu vimembana. Anataka kuvivua."

Hapo nikakaa chini. Mjomba Pastory alikuwa anaazimwa gramafoni kwenye kila msiba wa Gungu, na wimbo huo ndio uliokuwa ukipigwa siku ya kuanua matanga. Kifaransa hatukijui, na kwa jinsi ulivyojikokota sote tuliamini ni wa dini. Babu yangu tulimwomboleza kwa wimbo wa viatu. Skolastika, jirani yetu, kila ukifika mahali pa kuvivua alikuwa anapiga ishara ya msalaba.

Kaneza akaenda kumleta mama yake mdogo. Spesiosa aliingia na kitenge cha kufungia mizigo begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayemwambia mtoto mama yake ana ndevu?"

Nikaweka sindano. Alisikiliza akiwa amesimama, uso umekunjwa.

"Wimbo naujua," akasema. "Tuliucheza mpaka jirani akatufuata. Lakini huyu si Melania. Huyu anaumwa."

"Mama mdogo, jina lake si hili hapa?"

"Naliona, mwana wanje, mwanangu. Hata mimi sielewi."

Kaneza alimtazama kwa namna ambayo sikuipenda. Nilijua anachojiuliza: kama hili lilikuwa uongo, mengine je? Ile bendi, ile safari, yule dada aliyesifiwa miaka yote?

"Au betri zimekwisha?" akauliza hatimaye, kwa sauti ndogo. Redio kaseti ya kwao ikiishiwa betri, hata kwaya ya watoto inageuka wazee wa kanisa.

Tukabadilisha betri. Jitu likaendelea kudai kuvua viatu. Nikakishika kiswichi cha mwendo, kile ambacho toka nizaliwe kimeganda kwenye 33, mwendo wa santuri kubwa, nikakilazimisha kwenda kwenye 45, mwendo wa zile ndogo. Kikabaki mkononi mwangu. Basi nikaweka kidole juu ya karatasi ya katikati, nikaanza kuisukuma santuri izunguke haraka.

Jitu likapanda. Magitaa mawili yaliyokuwa yakilia kama mlango mbovu yakawa membamba, yakakimbizana, kama vijiko vinavyogongana ndani ya vikombe. Nikasukuma zaidi.

"Umempitiliza," akasema Spesiosa. "Huyo mtoto mchanga. Punguza."

Nikapunguza.

"Sasa babu. Wewe vipi?"

Kaneza aliondoa kidole changu, akaweka chake. Spesiosa akafumba macho, kiganja kimenyooshwa hewani kama anayepima joto la pasi. "Ongeza. Kidogo. Hapo. Hapo hapo, usiguse."

"Nisipogusa anarudi kuwa mwanamume."

"Basi gusa hivyo hivyo."

Ikatoka sauti ya msichana, nyembamba, inachekacheka katikati ya maneno. Midomo ya Spesiosa ilikuwa inayafuata.

"Ndiye?" Kaneza akauliza.

Kitenge kilikuwa kimeanguka sakafuni na hakuna aliyekiokota.

"Ni mdogo," Kaneza akasema, kama analalamika. "Ni kama mtu wa darasani kwetu. Mimi nilikuwa nangoja mama."

Wimbo ukaisha, sindano ikabaki inakwaruza. Nikauliza kama ninyanyue.

"Irudishe mwanzo," akasema, kidole hakukiondoa. "Bado sijamzoea."