Namba ya Meneja Usoni kwa Febronia

Jumapili hiyo, baada ya chakula cha mchana, Febronia alivua gauni la kanisani, akajifunga kanga ya kazi, akaenda kumfungua ng'ombe wake ampeleke kunywa maji ng'ambo ya barabara ya Kahama. Ng'ombe huyo aliitwa Sista, kwa sababu alikuwa mweusi mwenye baka jeupe lililomzunguka uso kama kitambaa cha mtawa. Mjukuu wa Febronia alikuwa hajatimiza mwaka na mama yake alikuwa ameshazikwa, kwa hiyo aliyekuwa akimnyonyesha mtoto, ukiangalia vizuri, alikuwa Sista.

Ilikuwa miaka ya uhaba wa petroli. Serikali ilikuwa imepiga marufuku magari kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, isipokuwa yenye kibali. Wasio na magari waliitii sheria hiyo bila shida yoyote. Meneja Leodgar, mkubwa wa shirika moja la umma la kununua tumbaku (jina lake tuliache, lina watu wake), alikuwa na shamba lake mwenyewe huko Ushetu, na shamba halijui Jumapili. Basi alimwita fundi akachomelea keria ya chuma nyuma ya Land Rover ya shirika. Juu ya keria alipakia magunia ya mkaa, nayo yakaifunika namba. Nyuma ya mkaa alifunga tela. Tela hubeba namba ya gari linalolivuta, nalo lilikuwa nayo, ila Meneja aliining'inizia godoro. Mbele alifunga tairi la akiba. Gari likawa gari lolote tu.

Lilimgonga Sista likaenda zake. Febronia alibaki nyuma ya tela, katikati ya vumbi, akilitazama likipotea. Namba hakuiona. Aliona godoro la maua. Kisha akapiga magoti, akakishika kichwa cha Sista, akalia kwa sauti na wala hakujali nani anamsikia.

Jirani yake Mbuke ndiye aliyefika kwanza. Alimpa pole, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga, akasita.

"Mama Damian, una namba."

"Namba gani?"

"Ya gari. Hapo kwenye paji la uso. SU 3148."

Walijaribu maji, wakajaribu majivu. Sabuni ilikuwa ya kutafuta miaka ile, na waliokuwa nayo hawakuitoa kwa ajili ya uso wa mtu mwingine. Namba haikutoka. Mbuke alipomfungua kilemba aliikuta nyingine kisogoni. Ya mbele na ya nyuma, zote zilikuwa zimehamia kwake.

Koplo Nkwabi wa kizuizi cha polisi barabarani, Febronia alipomwendea, hakushangaa. Alikuwa amekaa na magari muda mrefu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Alizunguka nyuma yake akasoma, akarudi mbele akasoma tena, kama anavyokagua lori.

"Namba lazima isomeke," alisema. "Mtu abebe mkaa, abebe kitanda, avute tela, hayo ni yake. Lakini akiifunika, namba inahamia kitu cha nyuma kinachoonekana. Mara nyingi inakaa kwenye mbuzi. Safari hii wewe ndiye uliyekuwa nyuma."

"Kwa hiyo ni ushahidi?"

"Mzuri kuliko wote niliowahi kupeleka. Siku ya kesi usivae kilemba."

Febronia alifurahi, tena alifurahi kweli. Tangu Jumapili alikuwa akimpa mtoto uji mtupu, na mtoto aliutema akageuka kutazama zizini. Alichotaka hakikuwa kikubwa. Alitaka ng'ombe kwa ng'ombe.

Siku ya kesi Meneja Leodgar alikuja na Land Rover ile ile na tela lake, bila mkaa wala godoro, akaviegesha mlangoni pa mahakama. Alimwamkia Febronia shikamoo, maana alilelewa vizuri. Hakimu alimsoma Febronia usoni kwa sauti, akamuuliza Meneja kama namba hiyo ni ya gari lake.

"Mheshimiwa, gari langu halina namba hiyo. Liko nje, tazameni."

Watu wote walitoka. Kibao cha mbele kilikuwa kitupu, cha nyuma kitupu, na cha tela hakikuwa na hata doa. Wazee wa baraza walikipapasa kwa vidole wakakubali kwamba ni kweli.

Hakimu alikuwa mtu makini asiyependa kubahatisha. Aliuliza kama yupo anayebisha kwamba ng'ombe aligongwa na SU 3148. Hakuna aliyebisha, na Febronia alikubali kwa sauti kubwa kuliko wote. Akauliza SU 3148 iko wapi. Mahakama nzima ikamtazama Febronia.

Akapatikana na hatia ya kumgonga Sista na kutosimama.

"Nilisimama," alisema Febronia. "Nilisimama pale mpaka jua likazama."

Hakimu alilifikiria hilo, akaifuta hatia ya kutosimama. Kwa iliyobaki alimwamuru amlipe mwenye ng'ombe ng'ombe mwingine wa rika lile lile. Mwenye ng'ombe alikuwa Febronia. Hakimu akasema amefurahi kuona pande mbili zinafahamiana, wakamalizane nyumbani.

"Mnyonge hana haki," alisema Mbuke njiani.

"Nina namba," alisema Febronia, kwa hasira.

Ikabidi aombe maziwa kwa binamu yake, ambaye alikuwa na ya kugawa Jumapili tu. Jumapili ya kwanza, Febronia akirudi na kibuyu, Koplo Nkwabi alimpigia saluti kizuizini akamwonyesha saa. Saa nane ilikuwa imepita. SU 3148 haikuwa na kibali, kwa hiyo ingekaa kando mpaka kesho alfajiri. Febronia aliuliza kama anaweza kupita porini. Koplo akasema gari kuacha barabara ni kosa jingine.

Akakaa kwenye majani, kibuyu mapajani. Jua lilikuwa kali.

Land Rover ya Meneja ilifika ikivuta tela, na ndani ya tela walikuwamo mitamba wawili wa maziwa wakipelekwa Ushetu. Koplo alitoa kalamu, akazunguka nyuma. Gari kutokuwa na namba ni kosa, lakini kosa hilo huandikwa kwa namba ya gari. Akairudisha kalamu mfukoni, akainua kizuizi.

"Shikamoo, mama!" alisema Meneja dirishani.

"Marahaba."

Vumbi lilipotulia, Febronia alikitikisa kibuyu sikioni. Maziwa yalikuwa yameanza kuganda.

"Nataka ng'ombe wangu," alimwambia Koplo.

"Najua, mama. Hakuna asiyejua." Koplo alitazama chini kwa aibu kidogo. "Ila vuta mguu. Uko barabarani."

Febronia akauvuta mguu.