Sentimita Mia na Arobaini na Mbili

Kila asubuhi ya zamu yake, saa kumi na mbili, msichana ambaye wenzake walimwita Kimya alivaa buti za mpira, akachukua daftari na kushuka mtoni kusoma ubao wa vipimo uliosimikwa majini. Ndiyo kazi iliyomleta nchi ya watu: kozi ya miezi mitatu ya kupima mito. Jumatatu moja, baada ya mvua ya usiku kucha, ubao ulisoma sentimita mia na arobaini na mbili. Jumanne vilevile. Mpaka Ijumaa mvua haikukatika, na maji hayakupanda hata unywele. Yaliyotoka juu yalisimama kwenye kona ya mto, yakarundikana kama watu kwenye foleni ya benki.

"Mto umetulia," Mwalimu alisema. "Andika."

Kimya akaandika. Namba hiyo aliijua, maana aliizaa yeye.

Wiki iliyotangulia zamu ilikuwa ya Dada, mwanafunzi pekee aliyetoka naye nyumbani, aliyemsuka nywele na kumgombeza asipokula. Dada aliamka na homa.

"Lala, nitakwenda mimi," Kimya alimwambia.

Akafika mlangoni, akaiona mvua, akarudi. Akaandika namba ya jana yake, mia na arobaini na mbili. Dada akatia sahihi bila kuuliza, kwa kuwa sahihi ni ya mwenye zamu.

Lakini chombo kilichozamishwa mtoni kilikuwa kimerekodi mafuriko. Mchana huohuo Mwalimu akauliza nani kapika namba. Dada akamtazama Kimya, akangoja. Kimya akatazama vidole vyake. Jumamosi Dada alirudishwa kwao, na tangu ndege iruke mto haukusogea.

Kozi ilipofungwa, watu walikwisha zoea. Halmashauri ilibandika tangazo kwamba maji yaliyo kwenye foleni yasisumbuliwe. Kimya alishuka na simu hadi kwenye ubao, akapiga.

"Unakula, mdogo wangu?"

"Nakula."

"Mwongo. Na mto?"

"Mia na arobaini na mbili."

"Mkaidi huyo." Dada alikuwa dukani kwa shangazi yake, akikata vitambaa, mkasi ulisikika. Nafasi yake chuoni alikwisha pewa mwingine.

"Baba yako je?"

"Bado haitikii salamu yangu." Mkasi ukanyamaza. "Unajua, siku ile waliponiita niliziona buti zako mlangoni. Zilikuwa kavu, zina vumbi."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani utasema wewe."

Kimya aliutazama ubao. Maji yalikuwa palepale, na kule kwenye kona mengine yalizidi kujipanga. Safari hii hakutazama vidole.

"Sikwenda mtoni, dada," akasema. "Namba ilikuwa yangu. Nilikuona unaningoja, nikakuacha ufukuzwe."