Bei ya Kufungulia

Kofi la kwanza Bakili alilipiga saa sita na robo mchana, ndani ya duka la Swaumu, na kabla halijaacha kuuma akaongeza la pili. Swaumu akaangukia madumu ya mafuta ya kula. Alionja damu. Lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba mkono huohuo ndio ulioupokea mwili wa mumewe kaburini miaka mitatu iliyopita.

“Shemeji, umetuua,” Bakili alisema. “Umeua mtaa mzima.”

Nyuma yake walisimama wenye maduka tisa, watu wazima wenye wajukuu, wamekunja mikono ya mashati. Zakayo, wa duka la kona, alikuwa na nondo.

Kosa lenyewe, ukilitazama, unaweza kucheka. Mtaa ule wa Kariakoo, nyuma ya Msimbazi, una maduka kumi na mawili ya mafuta ya jumla, na tangu mwaka juzi yote yanatumia programu moja ya simu iitwayo Pimabei. Kila mwenye duka huingiza alichouza. Programu inapiga hesabu zake, inawapangia wote bei na kuituma kwenye simu za wanunuzi. Ikishatumwa, huruhusiwi kuikana mpaka saa sita mchana. Na bei hizo zilikuwa na tabia moja: kupanda, siku moja, dakika moja, maduka yote. Dumu la lita ishirini lilitoka elfu themanini na sita likafika tisini na nane, na huko bandarini bei haijasogea hata shilingi.

Wiki iliyopita alikuja Euphrasia, afisa wa tume ya ushindani, ile inayowabana wafanyabiashara wanaopatana bei, binti mwembamba mwenye maswali makali. Aliuliza duka kwa duka, nani anapanga bei? Wote wakamwonyesha simu. Bakili alicheka mpaka akashika mbavu. “Sisi hatujawahi kukaa hata kikao kimoja, mheshimiwa. Kaishtaki simu.” Alipofika kwa Swaumu, binti wa watu alikuwa hoi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

“Najua kuna kitu hapa. Lakini lazima nionyeshe kwamba mmekubaliana. Nipatie hata karatasi moja.”

Swaumu hakuwa na karatasi, na tuseme ukweli, hakuwa na hamu ya kuitafuta. Duka lile ndilo kila kitu alichoachiwa na marehemu, na bei ya juu ilikuwa inamlisha na yeye.

Sasa asubuhi hii, mteja wa kwanza akawa Fortunata, mama ntilie wa Mnazi Mmoja. Mteja wa kwanza Kariakoo ndiye anayekufungulia siku, na haachwi aondoke mikono mitupu. Ukimwacha, siku nzima utafukuza nzi. Fortunata alikuwa na elfu themanini na tatu, zimefungwa kwenye pindo la kanga, hana nyingine. Swaumu akazipokea, akazigusisha kwenye paji la uso, akazipitisha juu ya madumu kama alivyofundishwa na mama yake. Wenzake nao hufungulia hivyohivyo, ila wao hawaiambii simu. Yeye akafanya ujinga: akaiingiza ile bei kwenye simu, kwa uaminifu wake wote, kama mauzo mengine yoyote.

Simu haijui mambo ya kufungulia. Iliona duka moja limeshuka, ikayashusha kumi na moja chini yake. Ilipoona hayo yameshuka, ikamshusha Swaumu chini yao. Kufikia saa tatu dumu lilikuwa elfu sabini, chini ya bei ya bandarini, na mama ntilie wa mji mzima wamefurika mtaani na mikokoteni, wanapiga vigelegele. Ilipofika saa sita, maduka mengi yalikuwa matupu na wenyewe wamepata hasara ya mwaka.

“Ilikuwa bei ya kufungulia tu,” Swaumu alisema kutoka sakafuni. “Nilisahau kwamba haiandikwi.”

Zakayo alijibu kwa nondo. Alitoboa dumu, akatoboa la pili, la tatu, na mafuta yakaruka kama maji ya bomba lililopasuka. Swaumu alipiga kelele. Ndipo Pankaj, mwenye duka la ukuta mmoja na lake, mzee aliyekataa kuandamana nao, akaingia mbio na ndara zake.

“Bakili, acha bwana! Mnampiga mjane?”

Aliinua mkono kuzuia nondo. Mfupa ukavunjika kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, na Pankaj akakaa chini kwenye mafuta, anautazama mkono wake bila kuelewa.

Hasira ikampanda Swaumu. Akalinyakua kufuli kubwa la mlango, akamchapa nalo Bakili kwenye taya. Jino likatoka. Bakili akateleza, akaanguka chali, akainuka amelowa mafuta mwili mzima, akampiga teke la mbavu, kisha jingine, kisha jingine, mpaka wenzake wenyewe wakamshika.

“Inatosha,” mmoja akasema. “Leta daftari.”

Bakili ni mtu wa Kariakoo. Kwake jambo lisiloandikwa halijatokea, na kila aliyetia dole lazima apewe nakala yake, la sivyo kesho atalikana. Ndivyo walivyomaliza kila ugomvi wa mtaa ule, kuanzia wa maji taka mpaka wa mipaka ya vibaraza. Zakayo akasoma kwa sauti mapatano waliyoyaandika kabla ya kuja: “Sisi wenye maduka kumi na mawili tumekubaliana. Bei ya simu ikipanda, hakuna wa kushuka, hata kwa mteja wa kufungulia. Atakayevunja, tutamfungia duka.”

Kumi walikuwa wameshatia sahihi. Pankaj alitia kwa mkono wa kushoto, analia.

“Wino wa nini?” Bakili alisema. Alilishika dole gumba la Swaumu, akalipaka damu ya mdomoni mwa mjane mwenyewe, akaligandamiza. Mara kumi na mbili, nakala moja kwa kila duka. Ya mwisho akaikunja, akamtupia kifuani. “Hiyo yako, shemeji. Itunze.”

Swaumu aliitunza. Pankaj alipopakiwa bajaji kwenda hospitali, yeye alikata Mnazi Mmoja kwa miguu, kanga imelowa mafuta, anashikilia mbavu, na watu wakampisha njia. Hakumhurumia Bakili, wala hakujihurumia yeye. Miaka miwili alikuwa amekula jasho la kina Fortunata na kuiita riziki. Ilimtia aibu.

Ofisini Euphrasia aliruka kutoka kitini, akataka kuita gari la wagonjwa. Swaumu akamwekea karatasi mezani. Binti akaisoma mara mbili, akahesabu majina, akaona dole la damu.

“Mama, na wewe umo humu. Nikifungua jalada hili, duka lako nalo haliponi.”

“Najua.”

“Kaa kwanza, ufikirie.”

“Nimefikiria njiani.” Swaumu alifuta mdomo kwa kanga, akaisukuma kalamu upande wa binti. “Anza na jina langu, mwanangu. Mimi ndiye ninayekufungulia. Bakili mwandike wa pili.”