Boksi la Nepi

Shangazi yangu ni fundi wa magauni ya harusi, na hajawahi kununua boksi. Ilianza siku wenye maduka walipochoma maboksi yao nyuma ya chumba chetu cha kazi. Moshi ukapenya dirishani, gauni jeupe likageuka rangi ya chai. Shangazi alitoka na tepu yake ya kupimia shingoni, akapita duka kwa duka. "Msichome, nileteeni mimi!" Wakamletea. Tangu hapo moshi umekwisha, na mtaro uliokuwa ukizibwa na maboksi kila mvua inaponyesha sasa unapitisha maji. Shangazi anasema pia kuna miti mahali fulani imesimama wima kwa ajili yake. Miti hiyo sijaiona, lakini mtaro nauona.

Shida ni maandishi. Bibi harusi gani anataka gauni lake ndani ya "Dawa ya Mende"? Basi Shangazi hulifanyia boksi kile ambacho mafundi hulifanyia koti kuukuu: analipindua. Anafumua ukingo wa gundi, ndani inakuwa nje, anagundisha upya, anafunga utepe. Huwezi kujua lilikotoka. Na mteja akirudisha boksi, anashonewa kifungo kimoja bure. Kazi hiyo Shangazi huifanya huku akipiga soga, mikono ikienda yenyewe bila macho kuisimamia. Nilishamwambia haraka haraka haina baraka. Akaniambia niende nikapige pasi.

Halafu likaja gauni la bibi harusi mmoja, lililoagizwa na mama wa bwana harusi, mteja wetu wa zamani, mwanamke asiyecheka bila sababu mbili. Tulilipeleka jioni, boksi Shangazi ameshalifunika shuka safi kabla sijaliona. Asubuhi tulikuwa hatujafungua hata madirisha, akaingia na boksi mikononi. Nyuma yake bibi harusi analia hadi kwikwi.

"Fundi, hebu nisomee hapa."

Palikuwa na picha ya mtoto kibogoyo anayecheka, na chini yake: NEPI ZA WATOTO WACHANGA.

"Mwanangu amekaa kazini mbali mwaka mzima, amerudi Jumamosi," alisema. "Huyu binti kaomba gauni liongezwe kiunoni. Leo naletewa nepi! Mimi ni mtu mzima, sihitaji kutafuniwa. Mmejua kitu, mkaona mnifikishie kwa boksi. Harusi hakuna!"

"Mama, niliomba kiuno kiongezwe ili siku ya harusi yangu nipate kula!" bibi harusi alilia. "Wallahi ni kula tu!"

Nilimhurumia. Msichana amemsubiri mtu mwaka mzima, sasa anamkosa kwa sababu ya boksi.

Shangazi aliyapapasa yale maandishi. "Lakini nililipindua. Nakumbuka kabisa nililipindua."

Hapo nikaelewa. "Shangazi, lilikuwa limeshapinduliwa! Ni boksi la kurudishwa. Umelipindua mara ya pili, maandishi yakarudi nje!"

"Porojo," alisema mama yule.

Shangazi hakubishana. Aliweka gauni pembeni, akachukua kisu, akafumua ukingo, akalipindua boksi mbele yetu sote. Upande mtupu ukatokea. Katikati yake palikuwa na alama ya kahawia ya kitako cha birika, duara lenye pengo upande mmoja.

Mama wa bwana harusi aliinama, akaligusa lile pengo kwa kidole.

"Hilo," alisema polepole, "ni birika langu. Mjukuu wangu aliliangusha."

"Ndiyo hivyo, dada," Shangazi alisema. "Ni boksi la lile gauni lako la kustaafu. Ulilirudisha mwenyewe, nikakushonea kifungo. Nepi zimekaa chini ya birika lako muda wote huo, na hakuna aliyekuuliza kama unanyonyesha."

Nilijificha nyuma ya sanamu ya kupimia magauni, kicheko kikitaka kunitoka puani. Bibi harusi alicheka kabla yangu, akaziba mdomo kwa hofu. Mama mkwe wake alikaza uso, akakaza tena, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka hadi akaomba kiti.

"Nisamehe, mwanangu," alisema akijifuta macho. "Mdomo wangu ulitangulia. Na siku hiyo ule ushibe."

Bibi harusi alimkumbatia. Shangazi akavuta kopo la gundi ili alifunge boksi, upande mtupu ukiwa nje, na safari hii aliangalia kwa macho mawili. Mama yule akamshika mkono.

"Lirudishe lilivyokuja, fundi. Picha iwe nje."

"Nje? Watu si watasema?"

"Waache waseme. Weka gauni lake humo. Boksi lenyewe halirudi huku, kifungo chako kaa nacho. Mwakani, Mungu akipenda, tutalihitaji nyumbani."